Mpiga Hodi wa Meli Zilizokufa

Nyumbani kwa Hodi sufuria haikwaruzwi. Ukoko ukishika chini, mkewe huumwagia maji na kuuacha ulainike wenyewe hadi kesho yake, ndipo autoe kwa kitambaa, taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi. Vijiko vya chuma aliwagawia majirani mwaka vita vilipoisha, akabaki na vya plastiki, vile vinavyopinda vikikutana na chakula kilichokauka. Kimoja tu cha chuma hakukitoa, kwa sababu kilikuwa cha mtoto wao wa pekee. Hicho alikifunga kwenye leso akakiweka juu ya kabati, nyuma ya redio mbovu.

Mwanzoni alidhani mumewe anamdharau. Kila akianza kukwangua sufuria, mwanamume ananyanyuka, anatoka koridoni, anasimama huko ameegemea ukuta kama mgonjwa. Walinuniana wiki mbili nzima kwa ajili ya sufuria, watu wazima na akili zao. Mwishowe mwanamke akachoka akauliza, "Mzee, tatizo ni mimi au ni chakula?"

"Si wewe, si chakula," Hodi akajibu. "Ni hiyo sauti tu." Akagoma kusema zaidi. Basi mkewe akaacha kukwaruza, maana alimpenda, na mtu ukimpenda unamezea mengi. Hilo alilimezea miaka tisa.

Walikaa chumba kimoja na nusu, Mtaa wa Mabomba, kwenye kile kituo kikubwa cha angani kinachojizungusha gizani, ambako madirisha ni ya wenye nazo na sisi wengine tunatazama kuta. Bomba la maji machafu lilipita juu ya kitanda chao. Jirani akivuta choo, kitanda kinatetemeka, na mkewe alizoea kusema, hata amelala nusu, "Karibu jirani." Mtaa huo huo, hatua mia mbili mbele, ndipo ilipo mahabusu ya kituo, iliyojengwa kwa ubavu wa meli kuukuu. Ukuta wake wa nyuma uko barabarani kabisa, na wanawake wakienda kwenye tangi la mtaa kuteka maji ya zamu wanaupita wakiwa na ndoo zao. Ukumbuke ukuta huo.

Jina Hodi alipewa na kazi. Huko nje, tangu vita, meli zilizokufa zimetapakaa, zinaelea bila taa, na wapo watu wanaozikata ili wapate chuma. Mkataji akiwasha tochi yake na kutoboa ubavu, hewa yote iliyobaki ndani inatoka kwa mkupuo mmoja. Kama humo mlikuwa na mtu, ndiyo basi tena. Kwa hiyo sheria ya kazi ilikuwa moja: kabla ya tochi, hodi. Mpiga hodi anatoka na suti yake, anafika ubavuni mwa meli, anagonga mara tatu kwa nondo fupi iliyozungushiwa mpira kwenye mpini. Kisha anaiegemeza nondo hiyo, ncha moja kwenye ubavu, ncha nyingine kwenye kofia yake ya kioo, na kusikiliza. Nje hakuna upepo wa kubeba sauti, chuma peke yake ndicho kinachosema. Anahesabu mapigo hamsini ya moyo wake. Anabisha mara ya pili, anahesabu. Mara ya tatu, anahesabu. Akijibiwa kwa kugongewa, hakuna kukata: unaletwa mfuko mkubwa wa turubai usiopitisha hewa, unagandishwa ubavuni, na watu wanatolewa kwa kupitia humo, kazi ya nusu siku. Asipojibiwa anasema kwenye redio, "Hakuna mtu," na tochi inawaka.

Mkewe alimtania kwamba maneno hayo mawili ameyasema mara nyingi kuliko jina lake yeye mkewe. Hodi alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka zamani, usione alivyo sasa.

Vita vyenyewe vilikuwa vya Juu na Chini. Watu wa Juu ni wa kile kituo kingine, upande wa jua. Sisi wa Chini ni wa huku kivulini. Vita vilikula miaka kumi na mmoja, na sababu yake hakuna anayeweza kuieleza bila kuanzisha ugomvi mpya, kwa hiyo tuiache. Mwaka wa mwisho Hodi alipelekwa na kikosi cha kukata kwenye meli moja ya Juu, iliyokuwa na mstari mwekundu ubavuni. Injini yake ilikuwa nzima, na kwetu injini zilikuwa zimeadimika. Alibisha hodi mara tatu. Baada ya ile ya tatu akasikia kitu. Hakikuwa kugonga. Ni kama kitu kilichoburutwa juu ya chuma, kirefu, kikakoma, kirefu tena, kikakoma, kirefu tena.

Akamwambia msimamizi wake kwenye redio. Msimamizi akauliza, "Wamegonga?"

"Hawajagonga. Kuna kukwaruza."

"Chuma kinalia hicho, kinapoa. Mtu anayetaka kutoka anagonga. Adui yuko saa moja nyuma yetu, Hodi. Nipe jibu."

Hodi akasema, "Hakuna mtu." Tochi ikawaka. Ubavu ulipotoboka ukatoka mvuke mweupe, mwingi, uliosambaa na kung'aa kisha ukapotea. Msimamizi akasema ni mafuta. Wakaikata injini wakaondoka nayo, na sehemu ya mbele ya meli ikaachwa iende zake gizani. Hakuna aliyechungulia ndani. Hodi alijiambia kwamba ni mafuta, na kwamba chuma kinalia, na mchana aliyaamini. Lakini kuanzia siku hiyo sauti ya kijiko kwenye sufuria ilimwingia mifupani.

Amani ilipotiwa saini watu walicheza koridoni. Siku ya arobaini baada ya saini, mtoto wao, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeendesha tangi la maji, alipita njia aliyoizoea akakutana na bomu lililotegwa. Hakikurudi cha kuzika. Kilichorudi ni chombo chake cha chakula, alichokisahau gatini asubuhi hiyo, na kijiko ndani yake.

Bomu hilo lilikuwa la mtu mmoja wa Juu aliyejulikana kwa jina la Mtega. Wategaji wenzake walileta ramani zao, mabomu yakazolewa. Huyu ramani yake ilikuwa kichwani, na kichwa hicho alikichukua akakimbia nacho. Miaka tisa alisakwa, leo anaonekana huku, kesho kule, na kila baada ya muda tangi au mashua ya mtu inalipuka. Mpaka pande zote mbili zikakubali, kwa kununa, kupeleka meli moja ya msako yenye watu wa mchanganyiko. Walihitaji mpiga hodi, kwa sababu Mtega alipenda kujificha kwenye meli zilizokufa. Hodi akaitwa.

Mkewe alimfungia begi. Alipomaliza alikaa juu yake, ili asiondoke kabla hajasikilizwa.

"Mkimpata," alisema, "usimrudishe. Sitakuomba kitu kingine maisha yangu yote."

"Wanamtaka akiwa anapumua, mama. Ana mabomu thelathini kichwani."

"Mwanangu naye alikuwa anapumua. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Kusikia ni kazi yako, wanakulipa. Mimi nataka ufanye." Kisha akanyanyuka, akamrekebisha kola, akamfungulia mlango.

Ndani ya ile meli walikuwa wanne. Nahodha alikuwa mwanamke wa Juu, mrefu, mwenye kidole kimoja pungufu, asiyependa maneno mengi. Fundi injini wake, wa Juu pia, hakuongea na mtu isipokuwa injini. Wa Chini walikuwa Hodi na mkata chuma aliyeitwa Cheche, mwanamume wa miaka thelathini mwenye domo la kutosha watu wanne. Silaha zilifungwa kwenye kabati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa nahodha, mwingine kwa Cheche, na kila mmoja alilala na wake shingoni. Wiki ya kwanza walipika sufuria mbili. Wiki ya pili gesi ikawa haba, wakapika moja, na kila upande ulisubiri upande mwingine uonje kwanza. Cheche alisema kama ni kufa kwa sumu basi afe ameshiba, akachota.

Ni Cheche huyo huyo, wiki ya tatu, aliyeanza kukwangua ukoko. Hodi alikuwa ameshaanza kunyanyuka atoke, kama kawaida yake, nahodha aliposema, "Acha, tafadhali. Usikwaruze hivyo."

"Kwani kwenu ukoko ni mwiko?" Cheche akauliza.

"Kwetu hivyo ndivyo tunavyoita msaada." Nahodha akachukua kijiko, akakiburuta chini ya sufuria mara tatu, polepole. "Tukiwa wadogo tulifundishwa. Meli zetu zilikuwa kuukuu, viungo vyake vimeungwaungwa. Ukikwama ndani usigonge, utafungua kiungo ufe. Shika kijiko, kwaruza mara tatu, ndefu, pumzika, rudia. Kila mtoto wa Juu anajua."

"Sisi tunagonga," Cheche akasema.

"Najua. Hata mtu wenu akigonga nje, sisi ndani tunakwaruza."

Hodi akaenda chooni akafunga mlango. Akakaa sakafuni, mgongo mlangoni. Miaka tisa alikuwa na shaka, na shaka, ingawa inatesa, unaweza kulala nayo kitanda kimoja. Sasa ilikuwa imeondoka. Walikuwemo. Walisikia hodi yake mara tatu, wakafurahi pengine, wakatafuta kijiko, wakamjibu kwa adabu kama walivyofundishwa na mama zao. Naye akasema hakuna mtu. Alilia kwa kuziba mdomo na taulo. Cheche alipogonga mlango kumuuliza kama yuko salama, alijibu kwamba ni tumbo.

Siku tano baadaye walimwona Mtega. Chombo chake kilikuwa kidogo, chepesi, na alikiendesha kama mwizi wa kuku, huku na huku, injini akizima na kuwasha. Walimkimbiza siku mbili bila kulala vizuri. Nahodha alikadiria atakakotokea, fundi injini akaibembeleza mashine yake mpaka ikanuka moto, na Cheche alifyatua wavu ukakikosa chombo kwa upana wa mlango. Siku ya tatu Mtega akaingia pale watu wanapopaita Makaburini, mahali meli zilizokufa zimekusanyika kwa mamia. Walikikuta chombo chake kimefungwa kamba, kitupu, mafuta kwisha. Karibu yake zilielea meli nne. Yumo kwenye mojawapo, na hewa ya suti yake haikuwa ya zaidi ya siku moja.

"Tunabisha zote nne," nahodha akasema. "Tunakata zile zisizo na mtu, tuhakikishe. Namtaka hai. Sote tunamtaka hai." Alimtazama Hodi wakati akisema hivyo, kwa sababu habari za mtoto wake alizijua.

Meli ya kwanza, kimya, wakakata, tupu. Ya pili vile vile. Ya tatu ilikuwa ya kubebea nafaka, imevunjika mgongo. Hodi akafika ubavuni, Cheche nyuma yake na tochi mkononi. Akabisha. Akaegemeza nondo kwenye kofia, akahesabu hamsini. Hakuna kitu. Akabisha tena, akahesabu, hakuna. Akabisha mara ya tatu. Alipofika arobaini na mbili, kikaja. Kirefu, kikakoma. Kirefu. Kirefu.

Ilikuwa sauti ile ile, kana kwamba watu wa mstari mwekundu walikuwa wamekaa humo miaka tisa wakimsubiri arudi.

Na hakuna mwingine aliyeisikia. Usisahau hilo. Nondo ilikuwa kwenye kofia yake peke yake. Cheche asingejua, nahodha asingejua, na kwenye karatasi ingeandikwa kama zilivyoandikwa nyingine zote. Humo ndani alikuwamo mtu aliyemuua mtoto wake bila hata kuangalia ni nani. Hodi alimchukia kwa roho yake yote. Alimkumbuka mkewe amekaa juu ya begi, uso umekauka. Kitu kimoja tu aliomba.

"Vipi mzee?" Cheche akauliza kwenye redio. "Kimya?"

Nitakwambia kweli, alifungua mdomo ili ayaseme yale maneno mawili. La kwanza likatoka. "Hakuna," alisema.

"Sawa," akasema Cheche, na tochi ikawaka, buluu, karibu na bega lake.

Humo ndani kukwaruza kukaanza upya, kirefu, kikakoma. Mtu yule alikuwa anarudia. Alikuwa amesikia hodi, na bado anaitika.

"Hakuna kukata," Hodi akasema, na akaushika mkono wa Cheche wenye tochi akausukuma pembeni. "Zima. Yumo. Leteni mfuko."

Ilichukua saa sita. Walipomtoa, Mtega alikuwa mtu mfupi, mwenye upara, miwani yake imefungwa kwa waya, na midomo ya buluu kwa kukosa hewa. Mkononi alikuwa na kipande cha bati alichokitumia kukwaruza, na vidole vilikuwa vimekakamaa wakashindwa kumnyang'anya. Cheche alimtazama akasema, "Huyu ndiye?" kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mbovu. Wakamfunga pingu, wakamtia kwenye stoo ya kamba, chumba pekee chenye kufuli kwa nje.

Jikoni nahodha alimmiminia Hodi chai, yeye mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia yeyote. "Asante, mzee Hodi," alisema. "Ulikumbuka nilichowaambia. Na wewe ulikuwa na kila sababu ya kusahau. Mtu mwingine angesema chuma kinalia."

Hodi aliweka kikombe mezani. Angetukanwa angestahimili, lakini shukrani ilimshinda.

"Usinishukuru," alisema. "Nilishawahi kusema hivyo."

Akaeleza. Hakujitetea, hakumtaja msimamizi ila mara moja. Fundi injini alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha grisi mkononi, akaacha kujifuta. Cheche alisema, "Mzee, nyamaza," mara mbili, na Hodi hakunyamaza.

"Mstari mwekundu," nahodha akarudia. "Walikuwa kumi na watatu. Kwetu tuliambiwa ni bomu, wamekufa papo hapo, hata hawakujua."

"Walijua. Niliwabishia hodi, wakaitika."

Machozi yalimtoka nahodha na hakuyafuta. Kisha akavuta daftari la safari. "Nitaandika haya. Nikiyaandika siwezi kuyafuta, na tukifika utashtakiwa."

"Andika."

"Nahodha," Cheche akasema, ameshika ufunguo wake shingoni, "huyu ni mtu wetu. Ukimgusa, mimi na wewe tutaonana wabaya humu humu, amani au si amani."

Fundi injini akasogea hatua moja. Hivyo tu, wiki tatu za sufuria moja zilikuwa karibu kumwagika. Hodi akanyanyuka katikati yao. "Rudisha ufunguo ndani ya shati, mwanangu," alimwambia Cheche. "Hakuna anayenigusa. Nakwenda mwenyewe." Akatembea mpaka stoo ya kamba, akasimama mlangoni kama mgeni, na nahodha akamfungulia.

Mtega alikuwa amekaa juu ya robota la kamba. Aliuliza, "Na wewe umefanya nini?"

Hodi alimwambia yote mawili, ya mtoto wa tangi la maji na ya mstari mwekundu. Alitaka kumpiga. Alikuwa ameota kumpiga miaka tisa, na sasa yuko mbele yake na pingu mkononi, lakini mikono ya Hodi ikawa mizito tu.

"Sikumjua mwanao," Mtega akasema.

"Najua hukumjua. Mimi pia sikuwajua wangu." Kisha akauliza kilichokuwa kikimkera. "Ulikuwa unakimbia. Kwa nini uliitika?"

Mtega alifikiri. "Mtu alibisha hodi," alisema. "Utaachaje kuitika? Mkono ulikwenda wenyewe." Baadaye akasogea kwenye robota, akamwachia nafasi, na Hodi akakaa mbali kadiri kamba zilivyoruhusu. Siku kumi na moja walikaa hivyo. Mtega aliota kwa sauti, akitaja njia na namba, na Hodi, ambaye kazi yake ni kusikia, aliziandika ukutani kwa msumari. Mabomu ishirini na sita kati ya thelathini yalipatikana kwa njia hiyo.

Gatini watu walikuwa wamejaa. Mkewe alikuwa mbele, na gauni lake la msibani. Alimwona Mtega akishuka, mzima, anapumua, na uso wake ukafungika. Kisha akamwona mumewe nyuma yake na pingu. Nahodha alimfuata akamweleza kwa sauti ya chini, maneno machache, habari za mstari mwekundu na za kukwaruza mara tatu. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakumtazama Hodi tena, akageuka akapita katikati ya watu akaenda zake nyumbani.

Hodi aliwekwa mahabusu, kwenye chumba kinachopakana na ule ukuta wa barabarani. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyeleta chakula, na habari kidogo. "Dada hasemi," alisema wiki ya kwanza. "Ameshusha masufuria yote anayasugua." Wiki ya tatu: "Ameniuliza ulikuwa unatoka koridoni tangu lini. Nikamwambia si tangu vita viishe? Akaingia ndani." Nahodha naye alikuja mara moja, kutoka kituo chao, akamsomea kupitia tundu la mlango orodha ya watu kumi na watatu, jina, kazi na umri. Hodi alimwomba arudie mpaka akaishika kichwani yote. Kesi ilikuwa bado. Kila asubuhi alikaa ameegemea ule ukuta akisikiliza ndoo zikipita, na hatua za mkewe alizijua, kwa sababu mguu wa kushoto huuburuta kidogo. Zilipita kila siku bila kusimama. Hilo lilimuuma kuliko kufuli.

Siku ya arobaini na moja hazikupita. Zilikaribia, zikasimama. Hodi akashika pumzi. Alisikia ndoo ikiwekwa chini, tena kitu kingine chepesi, na leso ikifunguliwa aliiwazia tu, maana leso haina sauti. Kisha chuma kikaburutwa juu ya chuma, pale pale kwenye mgongo wake. Kirefu, kikakoma. Kirefu, kikakoma. Kirefu.

Alikijua kijiko kile. Safari hii hakutoka, na pa kutokea hapakuwapo. Akageuka, akakunja kidole, akagonga mara tatu.

"Mzee," sauti ya mkewe ikasema kwenye kiungo cha ukuta. "Umo?"

"Nimo."

Ndoo za wengine zikapita. "Bado sijakusamehe," alisema. "Wala yule mtu wako. Nataka kujua hao kumi na watatu ni akina nani. Wote. Shemeji yako anasema unawajua."

"Ni wengi, mama. Utachelewa zamu ya maji."

"Anza," mkewe akasema. "Nimekuja na kigoda."